Pilipili ya Mtani

Januari 11
Jana ilinyesha mvua ya kwanza ya maana tangu mwaka uanze. Mahindi ya mama yamefika magotini.

Nimerudi kijijini kwa Syampande kwa msimu huu, na labda zaidi. Gazeti nililoliandikia habari za mahakama miaka yangu yote ya kazi limefungwa, na nyumba ya Lusaka nimeipangisha. Hapa tuko watatu: mama, ambaye sikio lake la kushoto limekufa, Beenzu, mjane wa kaka yangu Mweemba, na mimi. Shamba liko chini, kati ya kijiji na ziwa, kwenye njia ya tembo. Anayelilinda ni Beenzu. Nilipofika alinipokea begi, akasema, "Karibu, wifi," na sikusikia sauti yake tena mpaka kesho yake.

Januari 12
Mvua.

Januari 14
Tumetengeneza matofali. Pilipili kichaa zilizokaushwa zinatwangwa, zinachanganywa na mavi ya tembo na maji kidogo, zinafinyangwa na kuanikwa juani. Mahindi yakianza kukomaa, kila jioni tofali moja linawashwa pembeni mwa shamba, upande upepo unakotoka. Halitoi mwali. Linafuka tu, na moshi unatambaa juu ya mahindi. Tembo akiunusa anageuza.

Mukuli Syabbalo alipita na ng'ombe wake akasimama kututazama. Yeye ni wa ukoo wa Fisi, sisi ni wa Tembo, kwa hiyo ni mtani wetu.

"Nyinyi watu wa Tembo hamna aibu," alisema. "Ndugu zenu wanakuja kula, mnawawashia pilipili."

Mama akamjibu bila kuinua kichwa kwamba siku akifa tutamzika na mifupa ya mbuzi wote aliowaiba, apate cha kutafuna njiani. Akacheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Nami nilicheka. Ana ulimi mzuri.

Januari 20
Kisimani leo asubuhi kulikuwa na foleni ndefu. Mukuli alikuja kunywesha ng'ombe. Beenzu alikuwa ameinama akijaza ndoo. Mukuli akashika ncha ya kitenge chake akakivuta chote, Beenzu akabaki na gagulo mbele ya watu.

"Nakagua mali," alisema. "Mtani wangu kafa, nani mwingine wa kukagua?"

Wanawake walicheka. Aliyecheka kuliko wote ni Chabota, mke wa Mukuli mwenyewe, binti wa Sibuku, mkuu wetu wa kijiji. Beenzu aliokota kitenge, akakikung'uta matope, akakifunga, akajitwisha ndoo. Njiani nilimuuliza kama hili hutokea mara kwa mara. Alisema ni utani, wifi. Nilimuuliza tena. Alisema zamani, Mweemba alipokuwa hai, ulikuwa utani.

Januari 21
Jua kali. Palizi.

Januari 26
Mukuli kapita tena. Salamu zake sasa nazisikia vingine.

Februari 2
Naandika haya yote leo, kabla maneno hayajapoa.

Beenzu alirudi kutoka shambani giza likianza kuingia. Blauzi ilikuwa imechanika begani. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kuliko kiwiko. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akaomba maji. Mama alimtazama, akaingia jikoni, akafunga mlango. Nilimchukia mama kwa mlango ule.

Nilimhoji Beenzu kama nilivyokuwa nikiwahoji mashahidi nje ya mahakama, swali moja moja, nisimtie neno mdomoni. Maelezo yake ni haya. Alikuwa anarudi kwa njia ya miti ya mipani, ile inayopita kwenye vichuguu viwili. Mukuli alikuwa amekaa kwenye kichuguu cha pili. Alimwita, "Mke wangu." Beenzu alipita bila kujibu. Alimshika mkono, akauzungusha nyuma, akamlaza chini. Beenzu alipiga kelele. Mukuli akamwambia apige tu, watu wakija watacheka. Kisha kengele za ng'ombe zikasikika karibu, wachungaji wa upande wa pili wakirudi, naye akamwachia. Alimsaidia hata kusimama. Akamwambia, "Mbona unalia, mtani? Si tunacheza?"

Nilimuuliza kama angependa kuongeza lolote. Alisema mahindi yakivunwa atarudi kwao Chipepo. Kisha akasema pengine hatangoja yavunwe.

Akiondoka, hakuna wa kulinda. Mimi sijui kuwasha tofali likafuka badala ya kuzimika, na mama hawezi kushuka bondeni. Tembo watamaliza shamba kwa usiku mmoja, na mwaka mzima tutakula kwa kuomba.

Februari 3
Zahanati: mfupa haukuvunjika, umepata ufa. Kituo cha polisi cha bomani: askari alichukua kalamu vizuri, akaandika jina la Beenzu. Akauliza jina la mshtakiwa, kisha ukoo wa mshtakiwa, kisha ukoo wetu. Akaiweka kalamu mezani. Alisema mambo ya watani yanamalizwa nyumbani.

Februari 6
Barazani kwa Sibuku. Mukuli alikuja amevaa shati jeupe. Hakukana chochote. Alisema alimshika mtani wake, akamvuta, akamwangusha, kama baba yake alivyowaangusha shangazi zetu wote, na hakuna aliyekwenda zahanati. Watu walicheka. Sibuku naye alifunika mdomo.

Hukumu naiandika neno kwa neno, kwa mazoea: "Mtani hashtakiwi. Akikutukana, mtukane. Akikuvuta, mvute. Akikufanyia jambo, nawe mfanyie. Hakuna wa kulipa hapa."

Nimeripoti hukumu nyingi mbovu maishani. Hii ni ya kwanza kunipa ruhusa.

Februari 7
Sikulala vizuri. Niliwaza macho ya Mukuli. Ana macho makubwa, mazuri, na anayajua.

Februari 8
Nimekwenda kwa Chabota kununua gongo. Yeye ndiye mpikaji bora wa kachasu, kama gongo inavyoitwa huku, upande huu wa ziwa. Aliniuliza tangu lini nimeanza kunywa. Nilimwambia tangu nilipomfahamu mumewe. Alicheka, lakini si kama kisimani. Alinipimia akajaza mpaka juu.

Pilipili ninazo gunia zima. Nimeziloweka zilizotwangwa ndani ya gongo, kwenye chupa ya mchuzi. Mama aliuliza ni dawa ya nini. Nikasema ya macho.

Februari 9
Rangi imeanza kutoka. Kama chai ya rangi.

Februari 12
Jaribio la kwanza. Nina chupa ya kupulizia niliyokuja nayo kutoka mjini, ilikuwa ya dawa ya kusafishia vioo. Nilielekeza kwenye ukuta wa zizi nikabonyeza. Ilitoa tone moja ikakwama. Mbegu zimeziba tundu. Nilitumia asubuhi nzima kuzibua kwa sindano, na mchana mzima kuujutia mkono niliojifutia jasho la shingoni.

Nilichota maji ndoo nzima nikajimwagia. Ikawa mbaya zaidi. Mama alinitazama kwa muda, akaleta kibuyu cha mabisi.

"Maji yanaitembeza," alisema. "Paka maziwa ya mgando, Namoonga. Hukuzaliwa hapa?"

Februari 13
Mvua kubwa. Njia ya mipani imekuwa mfereji. Nimefurahi kwamba hakuna anayeweza kupita huko, hata yeye.

Februari 17
Nimechuja kwa kitambaa cha zamani cha mama. Tundu halikuziba, lakini dawa ilitoka kama ukungu ikabaki hewani. Kuku walihama uwanja. Mama alikohoa hadi jioni akisema amenusurika ukame, mafuriko na watu wa serikali, sasa anauawa na binti yake msomi.

Februari 23
Nimechuja mara mbili. Nimepunguza tundu. Sasa inatoka kama uzi ulionyooka na kufika hatua tatu mbele. Nilipiga jani la mpapai. Nilipiga tena. Sura ya Mukuli kichwani mwangu nimeipiga mara nyingi zaidi ya jani hilo.

Kila jioni nashuka shambani na Beenzu, asipite mipani peke yake. Mkono wake bado umefungwa. Anawasha tofali kwa mkono wa kushoto. Hatuzungumzi. Nilidhani anaogopa. Nilimhurumia, na huruma yangu ilinifanya nijione shujaa.

Machi 1
Tembo wanne wamekula kwa jirani. Hawakugusa kwetu.

Machi 4
Leo nitaandika kwa ufupi kwa sababu macho hayajakaa sawa, lakini naandika.

Nilijua Mukuli hunywesha ng'ombe ziwani alfajiri, kisha huwapandisha asubuhi kwa njia ya mipani. Nilikwenda mapema nikakaa kwenye kichuguu cha pili, pale pale alipokaa yeye. Nilikuwa na chupa mapajani. Alipotokea, ng'ombe walimtangulia. Aliponiona alifurahi.

"Leo Tembo amemvizia Fisi," alisema. "Dunia inageuka."

Nilisimama. Nilimwambia hii ni ya Beenzu. Nikabonyeza.

Nilisahau jambo ambalo kila mtu hapa analijua tangu hajaota meno. Asubuhi upepo wa ziwa unapanda. Jioni unashuka. Ndiyo maana tofali huwashwa upande wa juu. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya njia na yeye alikuwa anatoka chini, ziwa likiwa mgongoni mwake. Uzi ulifika nusu ya njia, ukakatika, ukarudi wote usoni kwangu.

Sijawahi kupata maumivu kama yale. Nilipiga magoti. Nilimsikia akicheka, kisha akaacha kucheka. Akanishika mkono. Akaniongoza hadi nyumbani kama kipofu, taratibu, akinionya kila penye shimo. Kila tulipokutana na mtu alisema, "Mtani wangu kajikaanga mwenyewe, mnusuruni." Watu walitufuata. Mlangoni kwetu alinikabidhi kwa mama na kusema, "Nimesamehe. Utani ni utani."

Mama alinipaka mabisi.

Machi 5
Nimelala siku nzima nikiwa na kitambaa usoni. Jana jioni kwenye pombe, nasikia, aliigiza yote: mimi nilivyosimama, mimi nilivyobonyeza, mimi nilivyopiga magoti. Walilia kwa kucheka. Nilimpa kisa cha kusimulia mpaka azeeke.

Jioni Beenzu aliingia akakaa kwenye mkeka wangu. Alizungumza kuliko siku zote alizowahi kuzungumza nami. Mengi yalikuwa ya Mweemba. Mwisho alisema:

"Wifi, usikasirike. Ile hukunifanyia mimi. Ulijifanyia wewe. Wewe unataka alie. Mimi nataka nipite."

Nilimwambia vyote viwili vinawezekana.

"Labda. Lakini nipe mimi hiyo chupa."

Machi 6
Nimempa. Aliigeuza mkononi akasema ni kubwa, kila mtu ataiona. Ametafuta kichupa cha manukato kilichokwisha, alichonunuliwa na kaka yangu walipooana. Kinaenea kwenye kiganja. Tumekijaza maji kwanza.

Machi 7
Mazoezi. Beenzu amesimamisha kinyago cha shambani uwanjani, kile cha kufukuza ndege, akakivika shati. Hapigi kutoka mbali. Anasogea mpaka kinyago kinamgusa, ndipo anapiga. Nilimuuliza kwa nini. Alisema Mukuli hatawahi kusimama mbali naye.

Machi 8
Anatumia mkono wa kushoto. Kichupa kinakaa kwenye fundo la kitenge, upande wa kushoto, hivyo akikamatwa mkono wa kulia, wa kushoto uko huru. Upepo anaupima kwa kutupa vumbi kidogo kila anapoanza safari. Anafanya kwa namna ambayo ukimwona utadhani anatupa tu.

Machi 9
Maji yametolewa. Tumeweka ile yenyewe.

Machi 11
Beenzu amesema kuanzia leo atashuka peke yake. Nilikataa. Alinikumbusha kwamba nilipokuwa naye nilikuwa nakanyaga matofali.

Machi 12
Amerudi salama.

Machi 13
Amerudi salama. Kapita kwenye kichuguu, hakukuwa na mtu.

Machi 15
Mvua za mwisho. Mahindi yamefunga masuke. Tembo walisimama ng'ambo ya kamba inayozunguka shamba usiku, wanatafakari. Mama anasema wanatuhesabu.

Machi 18
Mukuli alipita akanisalimia, "Macho yanaonaje, mtani?" Nilisema yanaona vizuri kuliko zamani. Ni kweli.

Machi 22
Chabota kisimani akiwa na kitenge alichokivuta mpaka kidevuni kuficha shingo, na joto lilikuwa kali. Hakuna aliyemuuliza. Mimi pia sikumuuliza.

Machi 27
Jua lilikuwa limegusa vilima vya ng'ambo. Mama alikuwa anakoroga mabisi barazani, mimi nakaanga dagaa wa ziwani. Tulisikia sauti kutoka njia ya mipani. Si ya Beenzu. Ilikuwa sauti ya mwanaume mzima analia kama ndama.

Mukuli alitoka kwenye miti akiwa ameshika uso, anagonga kila kitu. Aligonga zizi. Aligonga mkokoteni wa jirani. Kila mtu anajua kwamba kwetu hakukosekani mabisi, na nyumba yetu ndiyo ya kwanza ukitoka bondeni. Alipiga magoti uwanjani kwetu, mbele ya mlango, pale pale alipokuwa amenikabidhi mimi.

"Maziwa," alisema. "Mama, maziwa. Nakufa."

Watu walianza kuja, wa kwanza akiwa na kijiko mkononi. Mama alichukua kibuyu akakipakata. Hakusogea. Alinitazama mimi. Hapo ndipo nilipomwelewa mama yangu, na ule mlango aliofunga Februari. Hakuwa anajificha. Alikuwa anangoja siku yake.

Niliwaepua dagaa motoni ili wasiungue. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya Mukuli.

"Jina lako," nilisema.

"Namoonga, nakuomba."

"Jina lako, mtani. Watu wanasikiliza."

Alisema jina lake. Nilimuuliza ukoo, akasema. Nilimuuliza alikuwa wapi jua likishuka. Alisema njiani. Njia ipi. Ya mipani. Amekaa au anatembea. Macho yakamwuma, akasema amekaa. Kwenye nini. Kichuguu. Alikuwa anamngoja nani. Hapo aliomba maziwa tena. Mama alitikisa kibuyu polepole, tukasikia mabisi yanavyosukasuka ndani.

"Beenzu," alisema.

"Mkono wako wa kulia ulimshika wapi?"

"Kwenye mkono."

"Ule ulioupasua?"

"Ule."

"Na wa kushoto?"

Akainamisha kichwa. Beenzu alikuwa amefika. Alisimama nyuma ya watu, kitenge kimefungwa vizuri, pumzi zimetulia. Mkononi hakuwa na kitu. Niliuliza tena. Mukuli alijibu. Jibu hilo siliandiki hapa, lakini lilisikika mpaka kwa waliosimama barabarani, na hakuna aliyecheka. Nilimtafuta Chabota kwa macho. Alikuwepo.

Kisha Mukuli alisema jambo ambalo sikumuuliza. Alisema kwa sauti kubwa, uso umeinuliwa kwa watu asiowaona:

"Huu si utani! Mtu hafanyiwi hivi kwa utani. Kesho nakwenda kwa Sibuku."

Nilimwomba arudie. Alirudia. Nilimwomba arudie mara ya tatu, kwa faida ya sikio la mama. Akarudia.

"Basi nimemaliza," nilisema.

Mama alimpa Beenzu kibuyu, kwa sababu haki ya kukitoa ilikuwa yake. Beenzu alikipokea. Alimtazama Mukuli. Kisha alikaa kwenye kinu, akajimiminia mabisi kwenye viganja, akaanza kunawa. Alinawa kidole kimoja kimoja. Alinawa kucha. Alipandisha mpaka viwiko, akageuza mikono, akanawa nyuma yake. Pilipili ilikuwa imemrukia kidogo, ni kweli, na mtu akitaka kujihadhari huanza na mikono. Watu walimngoja. Mukuli alisikia mabisi yanavyodondoka chini, akawa anafuata kila tone kwa kichwa.

Beenzu alipomaliza alimwekea kibuyu magotini. Kulikuwa kumebaki kidogo sana.

Machi 28
Zahanati inasema macho yake yatapona kabisa. Niliipokea habari hiyo bila furaha.

Machi 30
Barazani. Kesi ameileta yeye mwenyewe, amevaa miwani ya jua ya kuazima. Alidai alindwe dhidi ya mwanamke mwenye sumu. Sibuku alimsikiliza mkwewe mpaka mwisho na alionekana kutaka kusema lile lile la Februari, akikufanyia nawe mfanyie, watu waende nyumbani. Alifungua mdomo.

Mama alisimama. Mara ya mwisho mama kusema barazani, baba alikuwa hai.

"Sibuku, mkweo huyu alisema uwanjani kwangu kwamba huu si utani. Alisema mara tatu. Mimi sisikii vizuri, nilimsikia. Sasa tuambie. Kama pilipili si utani, basi na mkono ule haukuwa utani. Kama mkono ulikuwa utani, basi na pilipili ni utani, arudi nyumbani akajipake mabisi. Chagua wewe."

Sibuku aliwauliza watu kama ni kweli alisema. Walisema ni kweli. Alimuuliza Mukuli. Mukuli alidai alisema hivyo akiwa na maumivu. Mtu mmoja wa nyuma, wa ukoo wake mwenyewe wa Fisi, akajibu kwamba na Beenzu alisema akiwa na maumivu.

Sibuku alimtazama binti yake Chabota, aliyekaa na wanawake. Chabota aliangalia mikono yake. Kisha Sibuku akatoa hukumu: haukuwa utani, wala Februari haukuwa. Mukuli atatoa mtamba mmoja kwa Beenzu. Ng'ombe wake watazunguka kwa njia ya mawe kwenda ziwani, na yeye hatakanyaga njia ya mipani maadamu Beenzu anaishi hapa.

Njia ya mawe ni ndefu maradufu, na haina kivuli. Nimeikagua mwenyewe leo mchana, ili nijue atatembea kiasi gani. Imenipendeza.

Aprili 2
Beenzu hajasema tena habari za Chipepo. Mtamba ameletwa. Ni mweusi, mkaidi. Amempa jina: Utani.

Aprili 9
Mavuno yameanza.

Aprili 10
Mavuno.

Aprili 13
Ukoo wa Fisi wamepata utani mpya. Wakikutana na Beenzu wanainua mikono juu na kumpigia saluti kutoka ng'ambo ya barabara. "Shikamoo, Pilipili!" Anawajibu, "Njooni karibu basi." Hawaji. Leo alicheka kwa sauti, na ilinichukua muda kujua ni nani anayecheka.

Aprili 21
Magunia yote yameingia ghalani. Tembo hawakugusa hata mstari mmoja.

Aprili 28
Nimemwona Mukuli kwa mbali akipanda njia ya mawe nyuma ya ng'ombe, jua la saa sita. Nilisimama nikamtazama mpaka akatoweka. Sina haja ya kumsamehe. Hajaniomba.

Mei 3
Nimechagua pilipili za mbegu. Zile ndogo kabisa, zilizokauka zikakunjamana, ndizo kali. Nimezianika peke yake juu ya paa.

Mei 6
Chabota alikuja asubuhi wakati Beenzu amekwenda kisimani. Nilidhani amekuja kugombana, na nilikuwa tayari. Alibeba kidumu. Ndani yake kulikuwa na kachasu ya kwanza kutoka, ile kali inayowaka ukiipitishia kiberiti, ambayo haiuzi kwa mtu.

Aliuliza habari za mavuno. Nikasema njema. Alisema mvua ilikuwa nzuri. Nikakubali kwamba ilikuwa nzuri. Kitenge kilikuwa mpaka kidevuni. Aliongea habari za baba yake, kwamba siku hizi chakula hakimpiti. Kisha akaingiza mkono kifuani akatoa kichupa kidogo cha manukato, kitupu, kimeoshwa, akakiweka juu ya kinu kati yetu.

Hakusema ni cha nini. Mimi, niliyewahoji watu maisha yangu yote, sikumuuliza hata swali moja.

Mama alitoka jikoni, akakiona, akarudi ndani. Alileta kitambaa safi.

Ya Beenzu nilichuja mara mbili. Yake nimechuja mara tatu.